Ufito wa Mjomba Lazhar

Kiel, 3 Machi

Mjomba Lazhar,

Assalamu alaikum. Habari za huko Bizerte, Tunisia, na goti lako? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inang'ata.

Nimepata mahali pa kuvulia karibu na hospitali ninapofanya kazi. Lakini dukani fito zimejaa ukutani, nimechanganyikiwa. Nichague ufito upi, rili gani ya kuzungushia mshipi na chambo gani, vinifae kwa kila samaki? Natamani ningepata ufito kama wako. Bizerte nzima hakuna mzuri kama ule!

Mpwa wako,
Yosra

Bizerte, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Waalaikum salaam. Hatujambo sote, goti linalalamika kama kawaida yake.

Lakini wewe mtoto una jicho baya! Umeusifu ufito wangu bila kusema "samaki awe juu yake" kukinga jicho. Ujerumani imekusahaulisha hata hilo? Haya, barua imefika Jumatatu, Alhamisi ncha imekatikia kwenye mlango wa teksi ya Ridha, yule mwenzangu wa bandarini.

Sasa sikiliza. Chukua ufito wa mita mbili na nusu, mwembamba nchani, wenye nguvu kiunoni. Rili iwe ya wastani. Usiitazame rangi, izungushe karibu na sikio, isikwaruze. Chambo? Ridha anaapia samaki wa mpira. Mwache aape. Wewe nunua kijiko kile chembamba cha kung'aa chenye ndoana. Cha kwanza nilikitengeneza kwa kijiko cha chai cha bibi yako. Nilichapwa, na jioni tukala samaki karusi wa kuoka, mnene huyo! Sijaona chambo kingine kama hicho.

Mjomba wako,
Lazhar

Kiel, 20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo siulizi goti. Mama amenieleza yote. Alhamisi ile mkono wako wa kushoto ulilegea kwa kiharusi, ufito ukaangukia mawe. Kisha ukagawa vifaa vyako vyote, ukasema uvuvi basi. Na mimi nililia nikidhani ni jicho langu! Mwandiko wako ulinidanganya, maana mkono wa kulia ni mzima.

Nimenunua kama ulivyosema. Nilipoushika ufito nilicheka peke yangu, mwepesi mno. Kijiko kimenipa samaki siku ya kwanza.

Kisha nimerudi dukani. Simu mpya itasubiri. Ufito wa pili, ulio katika kifurushi hiki, ni wako. Mpini wa rili nimeuhamishia kulia. Rusha kwa mkono wa kulia, bana ufito kwa kwapa la kushoto, zungusha. Nimejaribu kwa mkono mmoja, mwingine nikiuficha ndani ya koti, Wajerumani wakadhani nina wazimu. Samaki awe juu yako, Mjomba.

Mpwa wako,
Yosra

Bizerte, 11 Oktoba

Yosra,

Marahaba, na unisamehe kimya hiki. Kifurushi kilikaa chini ya kitanda tangu Julai. Niliona aibu kuonekana bandarini. Juzi Ridha akaja, akauona ufito, akasema, "Lazhar, kama huutaki, nipe mimi." Huyo na samaki wake wa mpira! Nilikasirika, nikatoka nao saa ile ile.

Kwanza nilinasa kofia yake. Bandari nzima ikacheka, nami nikacheka. Jana karusi akashika kijiko, akavuta nusura nimfuate majini. Ridha akakimbia kunisaidia. Nikamfokea, "Toa mkono wako!" Nikabana kwapa, nikazungusha, rili kimya kabisa, mpaka nikamtoa.

Mama yako amemwoka kwa ndimu. Nimelia mezani mbele ya watu, na sikuona haya.

Ufito huu unaushinda ule wa zamani. Samaki awe juu yake. Nimeshasema mimi, wewe sasa usifu utakavyo.

Mjomba wako mvuvi,
Lazhar