Beji ya Jicho, Beji ya Sikio

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, na mimi nina raha ya mtu aliyeshinda ugomvi.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alituletea mtaalamu mwenye picha ya ubongo uliopakwa rangi mbili kama mpira wa kuchezea. Alitufundisha kwamba kila mtoto ana njia yake moja ya kujifunza: wengine ni wa macho, wengine wa masikio, wengine wa mikono. Watoto wakajibu maswali kumi, ikaamuliwa kila mmoja avae beji yake. Unanijua. Nilisimama nikauliza kama mtoto wa sikio ataimbiwa ramani. Mwalimu wa michezo alicheka mpaka akamwaga chai. Nikasema pande zote za ubongo hufanya kazi pamoja, na beji ile ni kumfungia mtoto mlango kisha kumsifu kwa kukaa nje. Mwalimu mkuu akasema nina mdomo kuliko hoja. Nikampelekea hoja, kurasa kumi na mbili.

Kazi ya kushona beji alipewa binti yako. Nilipofika kwenye cherehani yake kumzuia, alikuwa amekwisha kata mia na arobaini, na hakuna kitambaa kilichopotea. Aliniacha nihubiri. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, yeye angepewa beji ipi.

Swali hilo ndilo sababu ya barua hii.

Unaikumbuka fomu iliyomtoa kwenye hisabati akiwa kidato cha pili, iliyosema ubongo wake ni wa upande wa sanaa, asilazimishwe hesabu. Miaka kumi na saba umemnunia mwalimu wake wa hisabati. Hata kwenye msiba wa baba hukumpa mkono. Dada, yule mwalimu alipinga. Maneno yale niliyaandika mimi. Nilikuwa nafundisha shuleni kwake, nimetoka semina ya siku mbili, najiona nimemeza maktaba. Kisha nikakaa mezani kwako, nikakusikia ukimlaani mwenzangu, nikaendelea kula.

Binti yako nimemwambia. Akasema mwandiko wangu aliutambua siku ile ile, akanyamaza asitugombanishe. Adhabu yangu ni kumfundisha hisabati. Kila Jumamosi asubuhi anakuja na daftari, na amejiandikisha kufanya mtihani mwakani. Juzi alinisahihisha alama ya kutoa, akauliza kama mjomba wake ni wa jicho au wa sikio, maana vyote vimelala.

Beji zimefutwa. Zile alizokata binti yako ameziunganisha kuwa pazia la ofisi ya walimu, na mwalimu mkuu analisifu.

Yule mwalimu nimemwomba radhi. Amestaafu, na hupita mtaani kwako asubuhi kununua gazeti. Ukimwona, mwanze wewe kwa salamu. Mimi nakuja likizo. Ukininyima chakula nitaelewa, ila kiti usininyime.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani.

Mdogo wako,
Mwenye Mdomo