Mmoja Katika Elfu Kumi

Kiritiri, Mbeere Kusini
17 Februari 2025

Kwa mwanangu Njue,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, na hilo neno "wazima" ulisome mara mbili, kwa sababu Ijumaa tulikaribia kulikosa. Natumai nawe u mzima huko kwenye baridi yenu.

Nimeamua kuandika, sipigi simu. Kwenye simu unacheka, unasema "sawa Mama, sawa Mama," halafu mtandao unapotea palepale ninapoanza kuuliza maswali. Karatasi hii nitaipiga picha nikutumie, lakini ni barua, na utaijibu kwa barua. Nimefundisha insha miaka thelathini na mmoja. Najua mtu akiandika hujishika mwenyewe.

Ijumaa saa tisa alasiri kitu kilianguka kutoka juu kikaingia jikoni kwa Winrose, mke wa ndugu yako. Ni pete ya chuma, pana kuliko mlango wa kanisa, na ilikuwa moto hata nyasi za paa zikashika. Jiko lote liko chini. Winrose alikuwa ametoka kwenda kuazima chumvi kwa jirani, mtoto mgongoni. Aliporudi alisimama na ile chumvi kwenye kiganja akaniambia, "Mum, saa hii mngekuwa mnanitafuta na jembe." Tangu hapo anaogopa hata kuingia ndani.

Watu wa serikali walikuja, wakapiga picha, wakaibeba pete yao. Jana redio ikasema ni mabaki ya roketi, na kwamba kampuni yenye roketi imeeleza kuwa yaliangukia "eneo lisilo na makazi." Wakataja kampuni. Ni hiyo yako, Njue. Hiyo tuliyoifungia na kuomba siku tatu ulipotafuta kazi.

Nani aliandika kwamba hapa hakuna makazi? Na Winrose ni nini, digidigi?

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Igoki

---

23 Februari 2025

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nne. Mpe Winrose pole zangu, na Baba pia. Mimi ni mzima, ila usingizi hauji vizuri.

Sitazunguka, maana utanishika tu. Aliyeandika ni mimi. Maneno ya redio si yangu, lakini hesabu iliyoyazaa ni yangu. Ndiyo kazi yangu, Mama. Roketi ikishapeleka mzigo juu, vipande vingine hurudi duniani, na mimi napiga hesabu ya uwezekano wa kipande kumdhuru mtu. Sheria inaruhusu uwezekano wa mmoja katika elfu kumi. Ukiwa chini ya hapo, natia saini, roketi inaruka. Ukiwa juu, lazima wabakize mafuta ya kukiongoza kipande hadi katikati ya bahari, na mafuta ni uzito, na uzito ni mzigo wa mteja unaoachwa. Hawapendi kuacha mzigo.

Watu wa kila eneo kompyuta inawatoa kwenye takwimu za sensa. Ukanda wetu, kuanzia nyumbani hadi Mto Tana, unaonyesha watu thelathini na wanane. Nilijua ni uongo. Nilikaa mbele ya hiyo namba nikaitazama, halafu nikaendelea.

Lakini hata mimi nina hasira, nikueleze ukweli. Ni nani alimwambia karani wa sensa kwamba kwetu tuko wawili? Ni Baba. Tulikuwa kumi na mmoja, nami nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Wazee wote wa huko walifanya vivyo hivyo. Mmejificha wenyewe, sasa mnauliza kwa nini hamwonekani. Na utabiri wa mvua unaosoma kwenye simu kabla ya kupanda ndengu, unadhani setilaiti yake ilipandishwa huko juu na punda?

Mwanao,
Njue

---

Kiritiri
25 Februari 2025

Njue,

Hatujambo. Salamu zinaishia hapo.

Mmoja katika elfu kumi. Huyo mmoja ni nani? Hesabu nimefundisha pia, usinitishe nayo. Huyo mmoja si kipande cha mtu. Ana kitambulisho, ana deni la sukari dukani, ana mtu anayemngoja arudi na chumvi.

Na baba yako umwache. Unajua vizuri sana kwamba kwetu watu hawahesabiwi. Ukimwuliza mzee ana watoto wangapi, anakwambia, "Wapo." Ukiwahesabu umekiita kifo kije kichague. Cheka ukitaka. Baba yako Gachoki alimdanganya karani ili watoto wake waishi. Wewe uliujua ukweli ukautilia saini uongo, na hukuwa unaogopa kifo. Uliogopa bosi. Kati yenu wawili, mjinga ni yupi?

Utabiri nimeupata, asante. Mvua tuliambiwa. Chuma hatukuambiwa.

Unataka watu? Nitakuletea.

Mama yako

---

Kiritiri
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kwa Njue,

Pasaka njema. Winrose hajambo kidogo, sasa anapikia nje na hataki paa lolote juu ya kichwa chake. Baba yako ni mzima. Wewe hatujui, maana umenyamaza wiki nane. Aibu nayo ni ugonjwa, pole.

Pamoja na barua hii utapata picha za daftari. Nimetembea kwa miguu kuanzia hapa hadi karibu na Tana, na magoti yangu yanakutaja kwa jina. Nilianza vibaya. Nilienda kwa mzee Kivuti, yule wa mawele, nikamwuliza kwake wako wangapi. Akainuka na fimbo. "Mwalimu, ulitusomeshea watoto, sasa unataka kutumalizia?" Mbwa akafunguliwa. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na nane, niliruka ua wa miiba kwa ajili ya kampuni yako.

Usiku huohuo habari zikanitangulia: Mwalimu anahesabu watu. Milango ikafungwa. Basi nikabadilisha swali. Sikuuliza tena wako wangapi. Niliuliza, "Nikija na chakula kwako, niwaite nani na nani waje kula?" Wakataja. Ah, walitaja! Hata Kivuti mwenyewe alitaja, na baada ya kumaliza akaniuliza hicho chakula kinakuja lini. Nikamwambia ukweli wote kuhusu roketi. Akafikiri, akasema, "Basi ongeza na yule binti yangu aliyeolewa kule mjini Maua. Huja Desemba."

Aliyenishinda zaidi ni baba yako. Siku nane hakunisemesha. Siku ya tisa alikuwa anatengeneza mzinga, akanipa mgongo, akaanza kuwataja mmoja mmoja kama anayewaita ndani mvua ikianza. Mimi nikawa naandika. Aliwataja wote, na wale wawili tuliowazika kabla hujazaliwa, nao aliwataja. Sikuwafuta. Futa wewe ukiweza.

Kurasa ni sitini na mbili. Sijahesabu majina. Kazi ya kuhesabu nakuachia, na kama ni dhambi, ibebe wewe uliyesomea.

Mama yako,
Igoki

---

12 Mei 2025

Mama,

Natumai mko salama, na magoti yamepoa. Nisamehe kwa kunyamaza. Ulipatia, ilikuwa aibu.

Nimehesabu. Ni watu elfu moja mia sita na wanne. Wale wawili sikuwahesabu, lakini sikuwafuta pia. Niliwaingiza wote kwenye kompyuta kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na nilimkuta kila mtu niliyecheza naye. Hesabu imevuka kiwango cha sheria kwa mbali.

Bosi alisoma ukurasa mmoja akasema daftari la mama yangu si takwimu. Nilimwambia thelathini na wanane pia si takwimu, ni hofu ya baba yangu. Hakuelewa. Nikamwambia basi saini yangu hatapata kwa safari ya Juni. Hilo alielewa. Tunangoja uamuzi wa wakubwa. Mniombee.

Mwanao,
Njue

---

11 Juni 2025

Mama, Mama, Mama!

Hamjambo wote? Wamekubali! Safari imesogezwa hadi Septemba. Injini itazimwa kwa wakati tofauti, na kipande kitafuata ukanda mwingine kabisa. Hakitapita tena Mbeere. Si mwaka huu tu, ni safari zote. Daftari lako limehamisha roketi. Mwambie Winrose aezeke jiko lake.

Mwanao mwenye furaha,
Njue

---

Kiritiri
15 Juni 2025

Mwanangu Njue,

Sisi ni wazima, na leo sisi ni wazima hasa. Nilimwonyesha Winrose barua yako akalia, kisha akatuma watu wakakate miti ya jiko. Leo asubuhi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema mwanangu amegeuza chuma cha angani. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikapiga, mchungaji akakuombea kwa jina. Hata Kivuti alikuja, na unajua yeye na kanisa.

Tukiwa tunakula mchana, baba yako akaweka kijiko chini. Akauliza, "Sasa hiyo kitu imepelekwa kwa nani?"

Nimekaa na hilo swali mpaka jua limeshuka. Nijibu.

Mama yako

---

19 Juni 2025

Mama,

Natumai mnaendelea vizuri.

Ukanda mpya unapita kusini mwa Tanzania kisha baharini. Ni sehemu yenye watu wachache sana, kulingana na takwimu. Hatari iko chini ya kiwango. Ile njia ya kuongoza kipande moja kwa moja hadi baharini waliikataa, ni mzigo mwingi mno. Hii ndiyo iliyowezekana. Mimi nilitaka ninyi muwe salama. Nilifanya hilo.

Njue

---

Kiritiri
22 Juni 2025

Njue,

"Kulingana na takwimu." Umethubutu kuniandikia mimi maneno hayo? Takwimu hizo alizitoa nani, kama si mzee mwingine aliyesimama mlangoni akisema tuko wawili?

Umenifanya nisimame mbele ya madhabahu nimshukuru Mungu kwa msiba wa mwenzangu. Nilipiga vigelegele, Njue. Mimi, Igoki binti Thuranira, nilimpigia vigelegele mwanamke ambaye jiko lake sasa liko njiani mwa chuma, pale lilipokuwa la Winrose. Hasira niliyo nayo silijui jina lake, na nusu yake ni yangu mwenyewe, kwa sababu nilisoma "hakitapita tena Mbeere" nikaona imetosha. Sikuuliza. Aliuliza mtu ambaye hata darasa la nne hakumaliza.

Leo nimesimama tena kanisani nikaurudisha ushuhuda wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Wengine wamenuna, wanasema naitafuta pete irudi. Winrose hanisemeshi. Ana haki.

Sitembei mpaka Tanzania, magoti yamekataa. Ni zamu yako. Usiniandikie tena mpaka uwe na jina la mtu mmoja wa huko. Jina lake, na kazi yake. Ukikosa, usiandike.

Mama yako

---

1 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo, na kwa Baba pia. Natumai mko wazima, na kwamba Winrose amerudi kuongea nawe. Mimi mwili ni mzima.

Wiki kumi nimekuwa nikiandikia ofisi za huko. Hakuna aliyejibu. Mwisho nikafungua picha za barabara kwenye mtandao, nikawa nasogea kijiji kwa kijiji ndani ya ule ukanda, mpaka nikaona duka lenye namba ya simu iliyopakwa rangi ukutani. Nikapiga.

Anaitwa Somoe. Anauza chumvi, mafuta ya taa na vocha. Nyumbani kwake wanalala watu tisa, alinitajia wote bila kuogopa, na akaanza kunitajia wa nyumba ya pili mpaka salio langu likaisha. Nilimpigia tena.

Karatasi ya safari ililetwa mezani kwangu Jumatatu iliyopita. Sikusaini. Nilipeleka jina la Somoe kwa bosi na majina ya nyumba sita. Aliyasoma, akanirudishia, akaipeleka karatasi meza ya jirani yangu. Jirani akasaini kabla ya chai. Roketi inaruka mwezi huu, siku hawajaitangaza. Mimi wameniambia nisirudi ofisini, na kuhusu hilo usinipe pole.

Jana nilimpigia Somoe nimwambie. Nilimweleza roketi ni nini, na kipande, na hesabu, na jinsi njia ilivyotoka kwetu ikaja kwake kwa mkono wangu. Nilitaka anitukane, Mama. Nilikuwa nimejiandaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu: ni siku gani, ili awatoe watoto ndani mapema.

Sikuwa na siku ya kumpa.

Mwanao,
Njue