Matairi ya Landrova

Kwako mdogo wangu,

Natumaini wewe na wifi hamjambo. Huku hatujambo, na yule kuku wangu wa madoadoa ametotoa.

Juzi mpwa wako alipandisha wageni kwa Landrova yetu, ile barabara ya zamani ya mlimani waliyoichonga mababu kwa sululu. Wanaume na ndevu zao huishia chini wakisema, "Leo kuna ukungu." Binti yangu hutia gia ndogo akapanda huku anatafuna karanga! Nimezaa, mdogo wangu, sikujaza tumbo tu.

Ila kwenye kona ya juu tairi la mbele lilipasuka. Gari likavutika kuelekea korongoni, naye akakata usukani akaliegemeza kwenye mwamba. Wote wazima, namshukuru Mungu.

Tairi lile nililiosha mwenyewe. Maji yalitoka meusi, na chini ya rangi ya viatu iliyopakwa nikakuta kipara kitupu, si tairi nililonunua. Siku ulipoazima gari kwenda harusini, matairi yangu yalikuwa mapya. Ulilirudisha linang'aa hadi matairi, nikakusifu kwa majirani, "Ndugu yangu ana adabu ya kurudisha kitu." Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mtoto anadhani ni mawe ya njiani. Anasema ukija atakupandisha mlimani, ukae kiti cha mbele, maana mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha. Mimi sijamwambia. Njoo umwambie wewe, ukimtazama usoni.

Ni mimi dada yako, tulionyonya ziwa moja.