Unga Mweupe wa Kichwa cha Treni

Baba, shikamoo.

Hapa Mbagala tuko wazima, au ndivyo tunavyowaambia wanaopiga simu. Saluni nimeifungua tena. Napaka kucha za maharusi kama kawaida, mkono umetulia. Lakini kile kichwa cha treni cha kuchezea sijakigusa tangu arobaini yako, na leo lazima nikwambie kwa nini.

Unakumbuka Kaka Hamadi alivyokuletea kile cha plastiki kutoka Maskati, kinang'aa kama sahani mpya? Ukakigeuzageuza, ukasema, "Hiki hakijawahi kufanya kazi." Ukanisukumia mie, mwenye brashi za kucha, nikizeeshe. Nilicheka, mwanamke mzima na treni ya kuchezea. Ukanikalisha. Ukanifundisha kuzimua rangi nyeusi kwa spiriti mpaka iwe kama maji, niipitishe juu ya ribiti, vile vichwa vya misumari ya bodi, halafu nifute kwa pamba ili weusi ubaki kwenye mikunjo tu. Kutu tuliipata kwa kuloweka stilwaya ya kusugulia masufuria kwenye siki. Nilipoipaka kila mahali ukanizuia: ianzie chini ya ngazi, maji yanapotuama, na pale buti la dereva linapokwangua rangi. Jioni nilipokiona kimechoka kama kimetoka Kigoma sasa hivi, nilinogewa, Baba. Sikuwahi kukaa na wewe muda mrefu hivyo tangu utotoni.

Kopo la maziwa lilikuja mwisho. Ndani yake unga mweupe, laini kama pamba iliyosagwa, ulioubandua mwenyewe kwenye mabomba ya vichwa vya treni za mvuke, enzi zako za karakana ya reli, ukauweka miaka yote chini ya kitanda. Kidogo tu juu ya mabomba, ili kionekane cha kweli. Nilipolinyooshea mkono ulinizuia. "Hili niachie mie." Nikadhani unaubania. Kila jioni ukapaka kidogo, ukapuliza uliozidi kwa mdomo. Kila asubuhi Mama akafagia.

Kikohozi kilipokulaza hujamaliza mabomba, nilitaka ukione kimekamilika. Nikafungua kopo mwenyewe pale kando ya kitanda chako, nikapaka, nikapuliza kama ulivyokuwa unapuliza. Ulikuwa macho. Uliniangalia mpaka mwisho.

Siku ya arobaini alikuja Mzee Pazi, mwenzako wa karakanani. Alikisifia kile kichwa, akakishika, kisha akaona weupe. Akakirudisha mezani polepole, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Nikamfuata uani. Akaniambia ule unga ni asbestosi, mabomba yalikuwa yanazungushiwa yasipoteze joto, na ukiingia kifuani hautoki. Katika banda lenu kabaki yeye peke yake.

Nikamuuliza kama mlikuwa mnajua.

"Tuliambiwa," akasema. "Karibu na kustaafu. Tulikaa wote kwenye benchi. Baba yako alikuwa pembeni yangu."

Nimepiga picha ya kifua. Daktari hajaona kitu, ila kasema ugonjwa huo hukaa miaka mingi kabla ya kujionyesha, niwe narudi. Kopo na kichwa cha treni kavichukua bwana afya, kavaa barakoa na glovu, majirani wanachungulia. Mama alipouliza kuna nini nikamwambia ni sumu ya panya.

Nimekukasirikia sana, Baba. Siku nyingine nasema labda ulisahau, labda uliona kidogo tu haidhuru. Halafu nakumbuka ile siku kando ya kitanda. Midomo yako ilitikisika. Nilidhani unaomba maji. Nikakuletea maji.

Juzi alfajiri Mama alikuwa anatawadha, nikamsikia akikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, kama chako cha mwanzo. Yeye ndiye aliyefagia kile chumba kila asubuhi. Nilipomuuliza akasema ni vumbi tu.

Sasa nakuahidi. Jumatatu nampeleka hospitali. Nimemwambia tunakwenda kupima macho. Bado anawaambia wageni kwamba katika ndoa yenu yote hukuwahi kumletea kitu kibaya ndani ya nyumba. Habari ya lile benchi sitamwambia, si leo wala siku nyingine. Alhamisi nitakusomea Yasini kama ninavyofanya. Pumzika, Baba.

Mwanao,
Mwanahawa