Neno Lisilotamkwa Mdomoni mwa Duara

Rwamgasa, nyuma ya mashine za karasha,
Geita.
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mpendwa kaka Telesphori,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Glasgow, wewe na wifi Juliana, na kwamba ile baridi uliyoilalamikia imeanza kulegea. Mgongo wako je? Bado unajikunja mbele ya kompyuta kama fundi cherehani? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mpwa wako Wema amepona malaria, anakula mpaka anakomba sufuria. Mama huko Ushirombo hajambo. Anasema magoti yake yanaijua mvua kabla ya redio.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Ningekupigia, lakini simu ni moja na shemeji yako Festo ndiye anayekaa nayo. Vaileth wa duka la dawa ataipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu yake. Tafadhali usijibu kwenye simu yetu.

Nimelifikiria swali lako la kile kijitabu cha hospitali unachowatafsiria wagonjwa wa Kiswahili. Unasema madaktari wana neno lao 'fear', na pembeni yake wana 'worry', 'anxiety' na 'panic', kila moja na kisanduku chake, na wewe umechoka kuandika hofu, hofu, hofu. Ukaniuliza watu wa nyumbani wanasemaje. Umeniuliza wakati mbaya, kaka, au labda wakati wenyewe.

Wasiwasi ndio ninaoishi nao. Huo hauzuii kazi. Napika wali, nakata nyanya, nataniana na wateja, na wasiwasi umejikalia kando yangu kama paka wa jikoni. Kiwewe nilikiona siku shimo la wachimbaji jirani, duara kama wanavyoliita, lilipotitia baada ya mvua. Kwa bahati hapakuwa na mtu chini. Mwenzangu mmoja alikimbia mpaka barabarani, ndipo akagundua ameshika mwiko.

Woga usije ukauandika. Huku kwetu woga si kitu kinachompata mtu, ni tabia, na kuambiwa unao ni tusi. Ukimwuliza mwanamume kama ana woga atakataa, hata kama yuko mbioni. Nadhani wagonjwa wako nao watakataa hivyo hivyo.

Halafu kuna kumcha Mungu, ambako nasikia Kiingereza kinakuita kwa neno lile lile. Hapo nilishangaa. Unakumbuka marehemu baba, radi ikipiga sisi tunaingia mvunguni, yeye anavua kofia na kusimama mlangoni? Hofu inakufukuza, lakini ile ilikuwa inamvuta karibu. Kwaresima hii nimejaribu kusali namna ya baba. Kila nikifumba macho naona ufa.

Ngoja nikueleze huo ufa. Hofu ina kitu inachokitazama, na yangu inatazama ardhi ya nyuma ya jiko langu, jirani kabisa na duara anamochimba Festo. Mvua zilipoanza palikuwa na mstari mwembamba, hata kidole hakipiti. Sasa naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ufa wenyewe umenyooka kuelekea mdomoni mwa duara. Huko chini matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisianguke, ni ya zamani na yamelowa tangu maji yalipojaa. Mashine imekuwa ikivuta maji, na Ijumaa asubuhi Festo na wenzake wanashuka. Naogopa, kaka.

Nilimwonyesha Jilala, mkuu wa duara. Akainama, akautazama, akasema, "Mayu, mama yangu, ardhi ya hapa haijafikia visigino vyangu kwa nyufa. Wewe tupikie wali." Wote wakacheka. Festo naye akacheka, ila yeye peke yake hakuutazama ufa. Nilipomsihi nyumbani akanijibu kwa upole, "Mama Wema, neno hilo usilitaje tena. Likisikika kule, tumekwisha."

Ndiyo sheria yao. Mdomoni mwa duara hakuna mtu anayetamka 'naogopa'. Wanaamini likitamkwa dhahabu inakimbia, na aliyelitamka anafukuzwa pamoja na mkosi wake. Mama alitulea na methali yake, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nenda kaiseme pale karasha, wanakosaga mawe, uone watakavyokucheka.

Lakini wameacha mlango mmoja. Mtu anaruhusiwa kusema, "Nimeota vibaya." Akisema hivyo hakuna anayemlazimisha kushuka, wala anayemcheka. Tena si ndoto yake tu, hata ya ndugu yake huheshimiwa. Mwaka jana mama mzazi wa Amosi, mwenzao wa duara hilo hilo, alipiga simu kutoka Buseresere akasema amemwota mwanawe amefunikwa na udongo. Jilala, huyu huyu wa visigino, alisimamisha kazi, akaagiza matimba mapya, ndipo wakashuka. Siku ile nilielewa kwamba wana hofu kama mimi. Wameipa jina la ndoto ili waweze kuitii.

Basi nami nikamwambia Festo nimeota. Akatabasamu kinyonge tu. Ndoto ya mke haihesabiwi. Wanasema ingehesabiwa, Geita nzima pasingechimbwa hata shimo la choo. Wazazi wake wametangulia mbele za haki na ndugu hana. Mama yetu siwezi kumpa mzigo huu, presha yake unaijua.

Umebaki wewe. Wewe ndiye uliyesimamia ndoa yetu, na lile koti ulilompa bado hataki hata nilifue, anasema litachakaa. Shemeji yake akiota, ndoto hiyo ataifikisha kwa Jilala. Na kwa kuwa uko ng'ambo, hakuna atakayesema umeuona ufa. Mpigie kabla ya Ijumaa alfajiri. Usinitaje, wala barua hii usiitaje. Mwambie umeota, na uwaombe wabadili matimba kwanza.

Najua hupendi uongo. Tangu utotoni ulikuwa ukimwambia mama ukweli hata pale ambapo kunyamaza kungetuponya, tukachapwa sote kwa ajili ya utakatifu wako. Kwa hiyo sikuombi udanganye. Isome barua hii mara nyingine, uutazame mkono wangu ulivyozama ardhini mpaka kwenye kiwiko, kisha kalale. Ukiamka hujaota kitu, usipige.

Na kijitabu chako, ushauri wangu ni huu. Woga watakataa, na hofu wataona aibu kuikubali. Waambie hao madaktari wamwulize mgonjwa anaota nini usiku. Hapo watajibiwa.

Mama anakusalimu sana. Wema anakusalimu na anataka picha ya theluji, lakini uwe umesimama ndani yake, asije akadhani ni pamba. Vaileth anakusalimu pia, yuko hapa mlangoni ananingoja nimalize. Mfikishie wifi Juliana salamu zangu za upendo.

Bikira Maria akufunike kwa vazi lake. Mungu akulaze salama usiku wa leo, lakini ndoto asikunyime.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutegemea,

Epifania (Mama Wema)