Mashine Iliyovishwa Kitenge

Jumatano, asubuhi mapema

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kompyuta zikijificha nyuma ya anwani moja ya mtandao, mwizi hazifikii. Kumbe kinachozibadilishia anwani ni kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha mashine nzima, na kiini chenyewe kimegunduliwa kuwa kina tundu la kupitia mwizi. Jana niliweka kiraka, programu ya kuziba tundu hilo, kwenye mashine ya zahanati yetu, lakini hakifanyi kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa.

Maman Georgette, katibu wetu, akanizuia.

"Papa, unajua courant ya Bukavu, umeme wa kukatikakatika! Tukiizima, haitawaka tena. Hata kitenge ninaifunikaka!"

Ulinzi ulioje. Majina ya wagonjwa wetu wa ukimwi yako wazi, ila hayapati baridi. Jina moja likifika soko la Kadutu, mtu atafukuzwa kwake.

Basi najiagiza mwenyewe: leo, kabla Maman hajafika, zima mashine, uiwashe tena.