Kisogo cha Kinyozi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na wapwa zangu mkiwa salama, na kwamba lile goti lako sasa linapanda ngazi bila kunung'unika. Mimi ni mzima. Safari hii neno hilo nimelifikiria kabla ya kuliandika, kwa sababu katika barua zangu tatu zilizopita niliandika hivyohivyo na haikuwa kweli.

Uliniuliza kama najitunza tangu mke wangu afariki, ukasema nisipokujibu vizuri utakuja mwenyewe kuifunga saluni na kunichukua. Nakujua, wewe hutishi bure. Basi soma yote kabla hujafunga mzigo.

Miezi ile ya mwanzo nilifanya kazi kama punda. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume, nami nikaziamini sifa zao. Kumbe nalala kwenye kiti cha wateja kwa kuwa sitaki kukiona kitanda, nashindia chai kavu, na shati moja nalivaa siku nne. Nywele na ndevu zikaota zinavyotaka. Wateja walinitania kwamba kinyozi hajinyoi, nikacheka nao. Unajua marehemu ndiye aliyekuwa akininyoa kisogo kila Jumapili, akilalamika kwamba kichwa changu kina kona nyingi.

Siku moja akaja mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa miaka mingi. Nikamnyoa upande wa kulia vizuri kabisa, nikamfuta shingo, nikampaka poda, nikamshikia kioo kidogo kwa nyuma ajionee kisogo, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Upande wa kushoto sikuwa nimeugusa. Mwalimu akajitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekula. Nikajaribu kukumbuka, nikashindwa. Akanishika mkono mpaka kwenye mgahawa wa jirani, yeye na kichwa chake nusu, watu wakimtumbulia macho, na akakataa katakata nimmalizie kabla sahani yangu haijawa tupu.

Niliona aibu, dada, na aibu ikageuka hasira. Nikaapa sitaharibu tena kichwa cha mtu. Nikaanza na dogo: sifungui mlango wa saluni kabla sijala. Yai la kwanza liliungua hata paka wa jirani akalinusa na kuondoka. Nikalila. Wiki iliyofuata nikafua mashuka, nikafungua dirisha la chumbani ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mazishi, nikalala kitandani upande wangu. Nililia sana, lakini nililala. Siku hizi Jumatatu nafunga kazi, natembea hadi sokoni na kurudi hata kama sina cha kununua. Siku nyingine nayafanya haya huku nimenuna kama mtoto anayeogeshwa, lakini nayafanya.

Nywele na ndevu tu ndizo zilibaki, na hapo ndipo penye jambo ambalo sijamwambia ndugu yeyote.

Sikuacha kujinyoa kwa uvivu, wala kwa sababu ya msiba kama watu walivyodhani. Mwezi wa pili baada ya mazishi, asubuhi, nilikuwa nanyoa ndevu mbele ya kioo. Wembe ukiwa shingoni, likanijia wazo kwamba naweza kuimaliza huzuni yote hapohapo. Lilikuja kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulionitisha. Nikauweka chini, nikazifungia nyembe zangu zote kwenye kopo, na tangu siku ile nikawaambia wateja kwamba natumia mashine tu. Lakini kopo lilikuwa palepale rafuni, na kila asubuhi tulikuwa tunatazamana.

Unamkumbuka Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, hasimu wangu wa miaka tisa, ambaye nilikuwa nikimcheka na kuuliza nani atampa kichwa mtu aliyeshindwa kukitunza cha kwake. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, nilibeba lile kopo nikavuka barabara mchana kweupe, wateja wangu wakishuhudia, nikakaa kwenye foleni yake. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hakuna aliyesema asinyolewe. Zamu yangu ilipofika nikampa kopo na kumweleza yote kwa sauti ya chini. Hakunihubiria. Alilifungia kabatini mwake, akatia ufunguo mfukoni, akanifunga shuka, akaniambia niinamishe kichwa. Mashine ilipogusa kisogo machozi yakanitoka, naye akaendelea kunyoa. Baadaye akanung'unika kwamba hajawahi kuona kichwa chenye kona nyingi namna hii. Nikacheka mpaka akasimamisha kazi.

Jumatatu yake alinisindikiza zahanati. Muuguzi wa pale ni mama mkali lakini msikivu, naye ameniwekea miadi kila Alhamisi. Sijakosa hata mara moja. Wazo lile bado hupita siku mojamoja, sitakudanganya. Likipita, navuka barabara.

Kwa hiyo, dada, usije kuifunga saluni. Njoo kunitembelea, mashuka ni safi na dirisha liko wazi. Naomba pia uwe wa tatu kuijua siri hii na uniulize bila kuogopa. Leo asubuhi nimekula mayai mawili na mkate, na hayakuungua. Kuanzia sasa kila barua yangu itakuambia nimekula nini. Siku utakayopokea barua inayosema mimi ni mzima tu, basi, bila yai wala mkate, hiyo siku usijibu. Funga mzigo uje.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba amependeza. Nakuombea afya, wewe na goti lako.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi anayenyolewa kila Jumamosi.